Kupiga Hodi na Kupiga Picha

Jua la Dar es Salaam haliagi kwa kirefu. Mji uko karibu na nyuzi 7 kusini mwa ikweta, basi mwaka mzima jua huchwa baina ya saa kumi na mbili na saa moja ya jioni, na dakika ishirini na kitu baada ya kuchwa kwake giza huwa limekwisha kutamalaki. Msafiri aliyelelewa katika nchi za jioni ndefu hudhani kuwa bado ana saa nzima ya nuru. Akiinua kamera yake katika Mtaa wa Msimbazi huona nuru imekwisha, na kumbe watu ndio kwanza wanazidi. Maduka ya Kariakoo yakishusha milango, kando yake hufunguka biashara nyingine: nguo zilizotandazwa juu ya turubai, viatu vya mtumba vilivyong'arishwa, mishkaki, chipsi, na kahawa chungu katika mabirika yakaayo juu ya makaa. Februari 2025 serikali ilizindua rasmi biashara ya saa 24 katika eneo hilo, ingawa usiku wa Kariakoo haukuwa umengoja uzinduzi.

Kila genge huja na nuru yake. Zamani ilikuwa karabai na kibatari; siku hizi aghalabu ni balbu ndogo nyeupe iliyofungwa kwenye betri, au simu iliyosimamishwa juu ya kopo na kuelekezwa kwenye bidhaa. Nuru hiyo huupiga uso upande mmoja na kuuacha upande wa pili katika kivuli, na uso wa mama anayegeuza maandazi ndani ya mafuta huonekana una habari nyingi kuliko uso ule ule saa sita ya mchana. Msafiri hutaka kuichukua habari hiyo aende nayo kwao. Kamera yake, iliyonunuliwa kwa ajili ya jua la pwani, humpa ukungu na chengachenga. Kesho yake huingia madukani kuuliza: kamera ipi, na flashi ipi?

Swali hili huonekana kuwa la fedha na ufundi, na muuzaji hulijibu hivyo. Lakini kila chombo cha kupigia picha usiku kina namna yake ya kumwendea mtu. Kimoja humrukia, kingine humnyatia, kingine hakifanyi kazi mpaka mwenye nacho asogee na kusimama mbele ya mwenziwe. Anayechagua chombo huwa amechagua mwendo wake kabla hajafika mtaani, na yamkini hajui kuwa amechagua.

Ufundi wenyewe si mgumu kuueleza. Kamera ina njia tatu za kushinda giza bila ya kuleta taa: kupanua tundu la lenzi, kurefusha muda wa kuacha nuru iingie, na kuzidisha wepesi wa kihisi, ule unaoandikwa kwa herufi ISO. Lenzi ya kawaida inayouzwa pamoja na kamera, ikivutwa mpaka mwisho, aghalabu hufunguka f/5.6 tu. Lenzi isiyovutika ya f/1.8 hupitisha karibu mara kumi ya nuru hiyo. Kwa f/1.8, muda wa sehemu ya 60 ya sekunde na ISO 3200, uso ulio kando ya balbu ya genge hupatikana vizuri, kwa f/5.6 na muda ule ule ingebidi ISO ipandishwe mpaka karibu 32000, na hapo chenga huula uso. Muda nao una mpaka wake. Kamera nyingi za leo zina kitulizo kinachotuliza mkono wa mpiga picha, lakini hakuna kitulizo kinachoutuliza mkono wa mwuza kahawa. Ama kihisi, ukubwa wake ni faida: kile cha milimita 36 kwa 24 kina eneo la zaidi ya mara saba ya kile cha milimita 13.2 kwa 8.8 kinachotiwa katika kamera nyingi ndogo za mfukoni. Mwenye fedha chache na azitie katika lenzi. Kamera ya mtumba yenye lenzi ya f/1.8 hushinda kamera mpya yenye lenzi ya kawaida, na tofauti ya bei humlipia chakula cha siku nyingi.

Kuna jambo jingine katika lenzi hiyo ambalo halimo katika maelezo ya kiwanda. Lenzi ya milimita 35 haivuti mbali. Mtu akitaka uso ujae katika picha, hana budi kusogea mpaka hatua mbili au tatu. Katika nchi ya Waswahili umbali huo una sheria zake. Hakuna anayesimama hatua mbili mbele ya mama lishe akanyamaza. Atasema shikamoo au habari za jioni, ataulizwa anataka nini, na hata kama hajui lugha, uso wake utaulizwa na uso wake utajibu. Lenzi ndefu ivutayo kutoka ng'ambo ya barabara ingemwepusha na hayo yote. Nayo, kwa bahati njema, aghalabu ni mbovu gizani, maana tundu lake ni dogo na kila mtikisiko wa mkono hukuzwa. Mara chache elimu ya nuru na elimu ya adabu hushauri jambo moja. Hapa zinashauri.

Flashi ni habari nyingine. Huileta nuru mahali isipokuwapo, na huimaliza kazi yake katika muda ambao aghalabu haufiki sehemu ya elfu moja ya sekunde. Anayepigwa hana nafasi ya kukubali wala kukataa. Anapofumba macho, picha imekwisha. Historia yake haikufichika. Unga wa magnesi wa kumulikia picha ulitengenezwa Ujerumani mwaka 1887, na karibu mara moja ulifika mikononi mwa Jacob Riis, mwandishi wa habari za polisi mjini New York, mzaliwa wa Denmark. Riis na wenziwe waliingia usiku katika vyumba vya mafukara, wakalipua unga na kutoka, wakiwaacha wenyeji wamepofuka kwa dakika kadhaa. Mwanzoni unga huo ulifyatuliwa kwa bastola. Baadaye, alipoona bastola inawatia watu hofu, Riis aliuwasha juu ya kikaango. Mwenyewe alieleza kuwa mara mbili alizichoma nyumba alizokwenda kuzipiga picha.

Tanganyika ilipata fungu lake mapema. Mwanzoni mwa karne ya 20, ilipokuwa chini ya Wajerumani, Carl Georg Schillings alizunguka nyikani akiwapiga picha simba usiku kwa unga huo, akiwategea wanyama waliofungwa kuwa chambo. Kitabu chake cha mwaka 1905 kilitaja katika jina lake mambo mawili pamoja: nuru ya flashi na bunduki. Kwa simba pengine hakuna lawama. Lakini namna ile ya kwenda, ya kukaa gizani, kutega, kufyatua na kurudi na kitu cha kuonyesha nyumbani, haikubaki nyikani.

Watu wa pwani wana neno ambalo Riis hakulijua. Mtu akifika mlangoni hupiga hodi, husubiri, hupiga tena, na asipojibiwa mara ya tatu huondoka bila ya kinyongo. Mlango ukiwa wazi, hodi haiondoki. Hata nyumba isiyo na mlango hupigiwa hodi. Hodi haiombi kitu chochote ila jibu, na humwachia mwenye nyumba muda wa kujitanda kanga, kuondoa chungu au kusema kuwa leo haiwezekani. Flashi ni mtu aingiaye kwanza kisha akapiga hodi akiwa katikati ya chumba. Kiswahili husema kupiga hodi na kusema kupiga picha. Haifai kulikamua neno piga kupita kiasi, maana kiungo hicho hicho hupiga pasi na kupiga simu bila ya kumwumiza mtu, lakini mpangilio wa vitendo hivi viwili una maana, na flashi huupindua.

Wako wanaosema, basi dawa imepatikana: na atumie kamera iwezayo kuona gizani, asimsumbue mtu. Kauli hii yafaa kuangaliwa kwa uangalifu, maana ndiyo inayouza kamera nyingi siku hizi. Kati ya 1938 na 1941 Walker Evans, Mmarekani, alipanda treni za chini ya ardhi za New York na kamera ndani ya koti, lenzi ikichungulia kati ya vifungo na waya wa kufyatulia umepita ndani ya mkono wa koti. Hakutumia flashi. Hakumpofusha mtu, hakumchomea mtu nyumba. Watu walikaa mbele yake na nyuso za mtu aliye peke yake, wasijue. Picha hizo ni za ajabu kwa uzuri, na Evans mwenyewe alizichelewesha: kitabu chake kilitoka mwaka 1966, robo ya karne baadaye. Riis aliingia kwa kuvunja mlango; Evans aliingia dirishani wenye nyumba wamelala. Mwenye nyumba aliyeingiliwa na wa kwanza angalau alijua kuwa ameingiliwa, akaweza kulaani.

Kwa hiyo upole wa chombo haufai kudhaniwa kuwa ni adabu ya mwenye chombo. Flashi ina aibu moja na sifa moja: hudhuru, lakini haijifichi. Kihisi chepesi hakidhuru jicho, lakini humwezesha mtu kuchukua bila ya kuonekana, na kadiri kinavyoendelea kuwa chepesi ndivyo jaribu linavyozidi. Simu za leo, zinazounganisha picha nyingi za haraka kuwa moja, zimempa kila mpita njia koti la Evans.

Hapana budi kuuliza giza lenyewe lina thamani gani kwa waliomo. Wahenga walisema usiku ni libasi bora. Walijua kuwa giza huvaliwa. Oktoba 2021 wamachinga waliondolewa katika njia za waenda kwa miguu na kandokando ya barabara za Dar es Salaam, wakaelekezwa katika maeneo yaliyotengwa. Tangu hapo mtu atandazaye viatu vyake mahali pasiporuhusiwa, saa ambazo wakaguzi wamekwenda zao, amevaa libasi hiyo kwa sababu iliyo wazi. Picha yake, yenye uso, bidhaa na kibao cha mtaa nyuma yake, kwa msafiri ni ukumbusho. Kwa mwenyewe ni ushahidi. Msafiri hajui kuwa ameandika shahada dhidi ya mtu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini mwuza viatu hatakwenda mahakamani kumtafuta mtu aliyekwisha panda ndege. Kinga yake iliyo karibu ni kutikisa kichwa, na ili atikise kichwa sharti aulizwe kwanza.

Inatokea kuwa Kiswahili humwita mwanga yule mchawi atembeaye usiku, na humwita mwanga pia nuru. Wanaisimu watayatenganisha maneno hayo, na wana haki. Anayemulikwa ghafla usoni saa tatu ya usiku huenda asione haja ya kuyatenganisha.

Je, hakuna nuru inayoruhusiwa kuingia bila ya hodi? Ipo. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa lilianguka Kariakoo, watu zaidi ya 20 wakafa, na waokoaji wakafanya kazi mchana na usiku wakiwatafuta waliofukiwa. Aliyepeleka kurunzi katika tundu la kifusi hakuomba ruhusa, na hakuna mwenye akili angemtaka aiombe. Nuru yake ilikuwa ya yule aliyemulikwa. Hiki kinaonekana kuwa kipimo kizuri kuliko sheria ya kusema flashi ni haramu na giza ni halali: nuru inamwendea nani, na faida yake inabaki kwa nani?

Kipimo hiki humtetea hata Riis kwa sehemu, maana kitabu chake cha mwaka 1890 kiliwasukuma wakubwa wa New York kuzitazama nyumba zile. Humtetea zaidi Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na akaanzisha biashara yake ya picha katika mji huo mwaka 1963. Oktoba 1984, huko Korem, Ethiopia, aliinua kamera yake alfajiri juu ya maelfu ya watu wenye njaa. Hakuna aliyeweza kuwapigia hodi wote, na wengi hawakuwa na nguvu ya kujibu. Dunia iliziona picha hizo, na chakula kikaenda. Lakini utetezi huo una bei: mwenye kuutumia sharti awe na mahali pa kuipeleka picha ambapo aliyepigwa atapata kitu. Albamu ya likizo haipo katika mahali hapo. Na hatari ya mfano mkubwa kama wa Amin ni kwamba kila mwenye kamera mfukoni hujiona yuko Korem.

Kuna wajibu wa pili, nao ni ukweli wa picha yenyewe. Flashi ya juu ya kamera hueneza nuru yake kutoka mahali pamoja, na nuru hiyo hupungua kwa mraba wa umbali: mtu aliye mita 2 na ukuta ulio mita 8, ukuta hupata sehemu moja ya kumi na sita. Hivyo mwuza kahawa hutoka mweupe wa jasho kwenye paji la uso, macho yamekodolewa, na nyuma yake Kariakoo yote imefutwa kwa wino. Picha hiyo ingeweza kupigwa ndani ya gunia. Nyumbani, flashi inayogeuza kichwa huelekezwa darini ili nuru irudi kwa upole. Dari ya Kariakoo ni mbingu, nayo hairudishi kitu.

Kamera isiyo na flashi nayo ina uongo wake. Hupima nuru kana kwamba kila kilicho mbele yake ni cha rangi ya wastani, basi ikiona giza jingi huliondoa, na usiku wa saa nne ukawa alasiri yenye chenga. Ikiwa ndani ya picha mna kanzu nyeupe au balbu, huenda kinyume: hupunguza yote, na uso mweusi huzama. Jambo hili lina ukoo. Kwa miongo mingi maabara zilizotumia filamu za Kodak zilisawazisha rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, na ngozi nyeusi ikawa jambo la kurekebishwa baadaye kama palikuwa na hamu ya kurekebisha. Kamera za leo ni bora mno, lakini uamuzi wa kuupimia uso nuru yake, na kuiacha balbu iungue kidogo na giza libaki giza, haujafanywa na kiwanda. Ni wa mtu aliyeshika kamera, na anayeufanya huwa ameamua kuwa uso huo ndio aliokuja kuutazama.

Kwa habari ya ununuzi wenyewe, maneno machache yanatosha. Kamera zote ni nzuri chini ya taa za duka; mnunuzi mwerevu huomba kuijaribu kwenye ngazi za jengo, katika giza la kati ya ghorofa mbili, akaangalia kama lenzi inaona mahali pa kushika na kama chenga zinavumilika. Kamera ya mtumba na ijaribiwe mbele ya karatasi nyeupe kutafuta madoa ya kihisi. Lenzi ya f/1.8, ya milimita 35 au 50, yatosha. Flashi, kama inunuliwe, na iwe ndogo, yenye kupunguzwa nguvu na kugeuzwa kichwa, ikae mkobani mpaka mwenye kupigwa aseme ndiyo. Wengine huitaka wenyewe, hasa vijana wa Kariakoo waliovaa vizuri, ambao kwao mmweko ni sherehe na picha isiyomweka haijapigwa. Hao wapigwe kwa flashi. Wenye duka lao la uso ndio wenye kupanga taa.

Linabaki swali moja lisilojibiwa na lenzi wala flashi. Usiku wa manane, karibu na jengo la soko alilolisanifu Beda Amuli, lile lililoungua tarehe 10 Julai 2021, mbeba mizigo hulala juu ya mkokoteni wake, mikono imekunjwa juu ya kifua, nuru ya balbu ya jirani ikimwangukia shavuni. Hakuna picha nzuri kuliko hiyo katika mji mzima, na kamera ya leo yaweza kuipata bila ya kumwamsha. Hodi haiwezi kupigwa kwa mtu aliyelala isipokuwa kwa kumnyima usingizi, ambao ndio mali yake pekee saa hiyo, na akiamka picha yenyewe haipo tena. Kumpiga na kumwachia picha iliyochapwa kesho yake ni jambo bora kuliko kumpiga na kuondoka, lakini bado ni kumwambia mtu habari ya kitu kilichokwisha chukuliwa. Wako wapiga picha wanaokaa hapo kando kwenye benchi la mwuza kahawa, kamera imefungwa, wakinywa kikombe cha pili na cha tatu, mpaka adhana ya alfajiri impate yule mtu akinyoosha miguu.